Kuomba LIHEAP: Jinsi ya Kusaidiwa Kulipa Bili ya Joto la Nyumba Marekani

Kila baridi inapoanza kuuma, maswali huwa yale yale. "Bili ya gesi imekuja kubwa kuliko mshahara wa wiki, nifanye nini?" "Ati kuna pesa ya serikali ya hita, ni kweli?" "Nikiomba, sitanyimwa grini kadi?" Watu huulizana kanisani, msikitini, kwenye gari la kwenda kazini na katika makundi ya WhatsApp, na majibu wanayopata huko mara nyingi ni nusu nusu. Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyetoka Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania au Uganda, na sasa unaishi Columbus, Louisville, Des Moines, Portland ya Maine au mji wowote wa Marekani ambako nyumba bila hita haikaliki.

Katika kuwasaidia watu kujaza fomu hizi, nimeona kwamba wengi wanaokosa msaada hawakukosa sifa. Walichelewa, au karatasi moja ilipungua, au waliona aibu kuomba mpaka wakakatiwa. Hayo yote yanazuilika.

LIHEAP ni nini

LIHEAP ni kifupi cha Low Income Home Energy Assistance Program, na hutamkwa "laihipu". Ni mpango wa serikali ya shirikisho ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981 ili kuzisaidia familia zenye kipato kidogo kulipia nishati ya nyumbani. Bunge hutenga fedha kila mwaka, katika miaka ya karibuni kama dola bilioni 4, kisha fedha hugawiwa majimbo, na kila jimbo hujiwekea taratibu zake. Si mkopo, hurudishi chochote. Kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo, msaada huu hauhesabiwi kuwa kipato: haulipiwi kodi, wala haukufanyi upunguziwe kadi ya chakula.

Ila fedha zake zina kikomo. Anayestahili kadi ya chakula huipata wakati wowote wa mwaka, lakini LIHEAP kapu likiisha limeisha, hata kama unastahili. Ndiyo maana nitarudia mara kadhaa: omba mapema.

Ina milango miwili. Wa kwanza ni msaada wa kawaida, unaolipwa mara moja kwa msimu. Wa pili ni msaada wa dharura, kwa mtu aliyekatiwa, anayekaribia kukatiwa, au ambaye mafuta yake yanakaribia kwisha. Katika majimbo mengi unaweza kupita milango yote miwili katika msimu mmoja.

Usishangae ukiambiwa "hapa hatuna LIHEAP". Huenda jimbo lako linatumia jina lingine: Ohio, New York na Maine huuita HEAP, Minnesota ni Energy Assistance Program, Colorado ni LEAP, Wisconsin ni WHEAP, Texas ni CEAP. Michigan ombi la dharura hupitia mpango uitwao State Emergency Relief.

Nani anastahili

Kinachoangaliwa ni kipato cha nyumba nzima na idadi ya watu waliomo. Sheria inayaruhusu majimbo kuweka kikomo cha juu kisichozidi asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha taifa, au asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kwa viwango vya mwaka 2025, asilimia 150 kwa familia ya watu 4 ni dola 48,225 kwa mwaka, na kwa watu 6 ni dola 64,725. Pennsylvania hutumia kipimo hicho. Ohio huenda hadi asilimia 175, yaani zaidi ya dola 56,000 kwa watu 4.

Tazama tena hizo namba, kwa sababu hapa ndipo wengi hujiondoa wenyewe. Baba anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, mama anayefanya nusu siku hospitalini, watoto wanne: watu kama hao huwa na uhakika kwamba msaada ni wa wasio na kazi. Sivyo. Ukiwa na kazi na familia kubwa, kuna uwezekano mzuri kwamba unastahili.

Mpangaji naye anastahili. Sheria inataka wapangaji na wenye nyumba watendewe kwa usawa, na katika majimbo mengi hata ambaye joto limo ndani ya kodi ya pango anaweza kupata kiasi fulani.

Kuhusu hati za uhamiaji: mkimbizi aliyeletwa na mpango wa makazi mapya na mtu aliyepewa hifadhi wanaweza kuomba. Mwenye grini kadi halazimiki kusubiri miaka mitano kama ilivyo kwa misaada mingine. Ile hofu ya kuonekana "mzigo kwa serikali" haimhusu mkimbizi wala aliyepewa hifadhi anapoomba grini kadi. Sheria imewaondoa katika kipimo hicho. Kama hati zako ni za aina nyingine, au ndani ya nyumba kuna wenye hati kamili na wasio nazo, zungumza kwanza na mwanasheria wa uhamiaji au shirika lililokupokea. Usichukue ushauri wa jirani katika hili, hata kama anakutakia mema.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Vitie vyote kwenye bahasha moja, na piga picha ya kila kimoja kwa simu:

- Kitambulisho cha mwombaji: leseni, kitambulisho cha jimbo, grini kadi au hati ya I-94 (ile ya kuingia nchini).
- Namba za sosho (Social Security) za watu wote wa nyumba walio nazo, pamoja na watoto.
- Tarehe za kuzaliwa za wote, kama zilivyoandikwa kwenye hati zao.
- Uthibitisho wa kipato cha kila mtu mzima. Mara nyingi huombwa hati za mshahara za siku 30 zilizopita, lakini majimbo mengine huomba miezi zaidi. Weka pia barua za SSI (fedha za serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo), mafao ya kukosa kazi na fedha za matunzo ya mtoto.
- Bili ya karibuni ya joto na bili ya karibuni ya umeme. Zote mbili, kurasa zote, si ukurasa wa kwanza peke yake.
- Mkataba wa pango, au karatasi ya kodi ya nyumba kama ni yako.
- Notisi ya kukatiwa, kama umeletewa.
- Cheti cha daktari, kama kuna mgonjwa anayetegemea mashine ya umeme au atakayedhurika na baridi.

Hatua kwa hatua

1. Jua kinachopasha nyumba yako joto. Fomu itakuuliza, na ukikosea fedha zinaweza kwenda kampuni isiyohusika. Shuka chini kwenye fanesi, yaani mtambo wa kupasha nyumba joto, au uliza mwenye nyumba. Ukiona bili ya kampuni ya gesi inapanda wakati wa baridi na kushuka kiangazi, ni gesi. Kama una bili ya umeme tu na vyombo vya joto viko chini ya madirisha, yaelekea ni umeme. Maine na sehemu nyingi za kaskazini mashariki, nyumba hutumia mafuta yanayoletwa na lori na kuwekwa kwenye tangi. Vijijini wengine hutumia propeni au kuni. Fanesi ya gesi nayo hutumia umeme kuendesha feni, kwa hiyo ofisi nyingi hutaka bili zote mbili hata kama joto ni la gesi.

2. Tafuta ofisi inayopokea maombi ya eneo lako. Piga 211, simu ya bure ya huduma za jamii inayopatikana karibu nchi nzima. Au piga 1-866-674-6327, namba ya taifa ya kuelekeza watu kwenye msaada wa nishati. Taja mji na msimbo wako wa posta. Sehemu nyingi utaelekezwa kwenye shirika linaloitwa Community Action. Kwingine ni ofisi ya kaunti, kama Pennsylvania ambako ni County Assistance Office.

Kama Kiingereza kinakusumbua, anza simu kwa maneno haya matatu: "Swahili interpreter, please." Kisha ngoja kwenye laini, usikate, hata ukimya ukiwa mrefu. Mkalimani ni bure. Kama lugha yako hasa ni Kirundi, Kinyarwanda au Kilingala, itaje hiyo. Na tafadhali usimfanye mtoto wa shule awe mkalimani wa kipato na madeni ya wazazi wake. Hajui maneno hayo, na si mzigo wake.

3. Uliza maswali manne kabla ya kujaza. Maombi yanafunguliwa na kufungwa lini? Mnahesabu kipato cha siku ngapi? Naweza kutuma kwa mtandao, kwa posta, au lazima nije? Mnahitaji karatasi zipi?

Usikisie tarehe. Colorado hupokea kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 30. Iowa huanza Oktoba 1 kwa nyumba zenye wazee au walemavu, na Novemba 1 kwa wengine. Kentucky huanza na msaada wa kawaida kabla ya mwaka mpya, kisha hufungua wa dharura kuanzia Januari. Ohio hupokea maombi ya kawaida tangu Julai, lakini mpango wake wa dharura, Winter Crisis Program, ni Novemba 1 hadi Machi 31.

Swali la kipato lina uzito kuliko linavyoonekana. Kama Desemba ulifanya ovataimu nyingi, siku 30 zilizopita zitakuonyesha kama tajiri wakati sivyo ulivyo. Ohio, kwa mfano, hukuruhusu kutumia siku 30 au miezi 12. Uliza kama jimbo lako lina nafasi hiyo, na kama halina, pima kama ni afadhali kuomba kabla ya msimu wa ovataimu.

4. Jaza fomu pole pole. Hapa ndipo maombi mengi huharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

*Watu wa nyumba.* Hesabu kila mtu anayeishi humo na kutumia bili hiyo moja, si ndugu wa damu pekee. Binamu aliyekuja kutoka kambini mwezi uliopita yumo. Kijana wa miaka 20 anayelala sebuleni na kufanya kazi usiku yumo, na mshahara wake nao umo. Mtu aliyehama asiwemo. Kupunguza watu wenye mshahara au kuongeza watoto wasiokuwepo ni udanganyifu, na mifumo ya serikali hulinganisha taarifa hizi na zile za kadi ya chakula.

*Majina.* Wengi wetu tumeandikwa kwa namna tofauti katika hati tofauti. Kwenye hati za kambini jina la baba limetangulia, kwenye bili limekuja mwisho, na kwenye sosho herufi moja imebadilika. Tarehe ya kuzaliwa nayo huenda ni Januari 1, kwa sababu ndivyo karani alivyoandika. Andika kwenye fomu jina lilivyo kwenye kadi ya sosho, na kama bili ina jina tofauti, ambatisha maelezo mafupi kwamba ni mtu yule yule.

*Mwenye bili.* Jina lililo kwenye bili linapaswa kuwa la mtu mzima anayeishi hapo. Kama bili bado ina jina la mpangaji wa zamani, au la rafiki aliyekusaidia ulipofika, ipigie simu kampuni ibadilishwe kabla hujaomba.

*Kipato.* Mara nyingi hutakiwa kiasi cha kabla ya makato, si kile kilichoingia benki. Taja pia fedha za mkononi: kusuka nywele, kulea watoto wa jirani, kushona. Kama mtu mzima hana kipato kabisa, usiache nafasi wazi. Omba karatasi ya kutangaza kutokuwa na kipato, uitie sahihi, na ueleze mnavyoishi: "Kaka yangu ndiye anayelipa kodi ya pango." Nafasi iliyoachwa wazi humfanya karani aweke ombi kando.

*Namba ya akaunti.* Inakiliwe kutoka kwenye bili, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya mita si namba ya akaunti.

5. Tia sahihi, wasilisha, chukua uthibitisho. Fomu isiyo na sahihi hurudi. Wasilisha nakala, baki na zile halisi. Ukipeleka mkononi, omba risiti yenye tarehe; ukituma kwa mtandao, piga picha ya namba ya uthibitisho. Kama kuna mlemavu au mgonjwa asiyeweza kutoka nje, kwa maombi ya dharura sheria inataka awekewe njia ya kuomba bila kuondoka nyumbani, au njia ya kufikishwa mahali pa kuombea. Mwombee hiyo, watamsikiliza.

6. Ipigie simu kampuni ya gesi au umeme siku hiyo hiyo. Waambie umeomba msaada na uwape tarehe. Kampuni nyingi huweka alama kwenye akaunti na kusimamisha kukata kwa muda. Omba pia mpango wa kulipa deni kidogo kidogo. Na endelea kulipa chochote unachoweza, hata dola 20. LIHEAP imekusudiwa kusaidia, haikupimwa ili imalize bili ya msimu mzima.

7. Pokea simu na ufungue barua. Ofisi ikikosa karatasi moja itaandika barua yenye siku ya mwisho ya kuileta. Barua hiyo ikikaa juu ya friji haijafunguliwa, ombi hufungwa. Simu kutoka namba usiyoijua nayo huenda ni karani, kwa hiyo weka ujumbe wa sauti kwenye simu yako ukiwa na jina lako, na usiache kisanduku kijae.

8. Ukikubaliwa, hakiki bili. Kwa kawaida fedha haziji mkononi mwako, huenda moja kwa moja kwa kampuni. Utaziona kama punguzo kwenye bili ya mwezi mmoja au miwili inayofuata. Zisipoonekana, piga simu ukiwa na barua ya kukubaliwa mkononi.

Kama tayari uko kwenye dharura

Usijaze fomu ya kawaida ukangoja. Piga simu au nenda, na sentensi yako ya kwanza iwe kwamba unaomba msaada wa dharura na una notisi ya kukatiwa, au umeshakatiwa, au mafuta yanakwisha. Ukianza kwa kusema tu "bili imekuwa kubwa", utawekwa kwenye foleni ya kawaida.

Sheria ya shirikisho inataka kwamba, kwa anayestahili, hatua ya kuondoa dharura ichukuliwe ndani ya saa 48 tangu alipoomba. Kama uhai uko hatarini, ni ndani ya saa 18. Kwa hiyo taja waziwazi kama ndani kuna kichanga, mzee, mjamzito, au mtu anayetumia mashine ya kupumua. Huko si kujitia huruma; ndiyo taarifa inayoamua kasi ya kazi yao.

Kwa wanaotumia tangi la mafuta au propeni, usingoje likauke. Ohio huhesabu dharura tangi likifika robo au chini yake, na majimbo mengine yana kipimo kama hicho. Tangi likikauka kabisa, fanesi huenda isiwake tena mpaka fundi aje kutoa hewa kwenye mabomba, na hiyo ni gharama nyingine. Angalia geji kila Jumamosi.

Fanesi ikiharibika, majimbo mengi yana fungu la kuitengeneza au kuibadilisha kwa mwenye nyumba anayestahili. Mpangaji huanza kwa mwenye nyumba, kwa maandishi.

Makosa yanayowaponza wengi

*Kungoja notisi ya kukatiwa kwanza.* Wapo wanaoamini kwamba bila notisi huwezi kuomba. Hiyo ni kweli kwa sehemu kubwa ya mlango wa dharura, si wa kawaida. Wakati notisi inafika, fedha za kawaida huenda zimekwisha.

*Kumlipa mtu akujazie.* Kuomba LIHEAP ni bure kila mahali. Anayedai dola 50 "ya kufungua faili" anakuibia, hata kama anazungumza Kiswahili kizuri.

*Kutii simu za vitisho.* Kampuni halisi haikupigii na kusema utakatiwa ndani ya saa moja usiponunua kadi za zawadi na kusoma namba zake. Kata simu, kisha piga namba iliyo kwenye bili yako.

*Kumwonyesha bili mgeni mlangoni.* Katika majimbo kama Ohio, Pennsylvania, Illinois na New York, kampuni binafsi huruhusiwa kuuza gesi na umeme, na wauzaji wao hupita nyumba kwa nyumba. Huomba kuona bili yako "ili wakupunguzie". Wakipata namba ya akaunti na sahihi yako, unaweza kuhamishiwa kwenye bei inayoanza chini na kupanda baada ya miezi michache. Huna wajibu wa kumwonyesha mtu yeyote bili mlangoni. Hili linanikera hasa, kwa sababu wanapenda majengo wanayojua yamejaa wageni.

*Kudhani mwaka jana unatosha.* Ombi ni la kila msimu. Ukihama nyumba katikati, toa taarifa, maana fedha zilipelekwa kwenye akaunti ya zamani.

Wakati unangoja: usijipashe joto kwa hatari

Usilete jiko la makaa ndani. Hata kidogo, hata dirisha likiwa wazi. Kwetu mtu anaweza kupikia makaa kwenye kibanda chenye mianya mingi, lakini nyumba za hapa zimezibwa. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Wakati wa dhoruba ya Februari 2021 kule Texas, umeme ulipokatika, watu walikufa kwa sumu hiyo hiyo baada ya kuwasha makaa, jenereta na magari ndani ya nyumba na gereji zao. Oveni ya gesi nayo si hita.

Hita ndogo ya umeme ichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa kuongezea, na iwe mbali na pazia na godoro. Hakikisha king'ora cha moshi na cha kaboni monoksaidi vinalia ukivijaribu. Kikilia chenyewe, au watu wote wakapata kichwa kuuma na kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje kisha pigeni 911.

Laleni chumba kimoja, zibeni chini ya milango kwa matambara, na acheni bomba la maji lidondoke kidogo usiku ili lisigande. Baridi ikizidi, 211 itakuelekeza kwenye kituo cha joto cha mji.

Mambo yakikwama

*Nimekataliwa.* Soma sababu kwenye barua. Kama ni karatasi iliyopungua, ilete. Ofisi nyingi zitafungua ombi upya. Kama hesabu ya kipato au ya watu si sahihi, una haki kisheria ya kusikilizwa rufaa yako. Haki hiyo unayo pia kama ombi limekaa bila kujibiwa kwa muda usio wa kawaida. Siku ya mwisho ya kukata rufaa imeandikwa kwenye barua. Ofisi za msaada wa kisheria huwasaidia watu wa kipato kidogo bila malipo.

*Nimekatiwa tayari, na deni ni kubwa kuliko msaada.* Uliza jimbo lako lina kinga gani ya majira ya baridi. Wisconsin, kampuni hazikati joto la nyumba kati ya Novemba 1 na Aprili 15. Minnesota ina kanuni ya baridi kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, lakini lazima ukubaliane mpango wa malipo na kuufuata. Iowa humkinga aliyeidhinishwa kwa LIHEAP kati ya Novemba 1 na Aprili 1. Ohio huruhusu, mara moja kwa msimu wa baridi, kurudishiwa huduma kwa kulipa dola 175 pamoja na ada ya kuunganisha, hata kama deni ni kubwa kuliko hapo. Kumbuka tu kwamba kinga haifuti deni. Anayeacha kulipa kwa sababu "hawawezi kukata" hukatwa majira ya kuchipua, akiwa na deni la miezi mitano.

*Kuna mgonjwa ndani.* Majimbo mengi humruhusu daktari kutuma cheti kinachosimamisha kukatwa kwa muda. Iombe kampuni fomu hiyo, kisha uipeleke kliniki siku hiyo hiyo.

*Joto limo ndani ya kodi, lakini nyumba ni baridi.* Hilo ni jukumu la mwenye nyumba. Mwandikie ujumbe wenye tarehe, piga picha ya kipimajoto, na asipochukua hatua ripoti kwa idara ya ukaguzi wa nyumba ya mji. Usiache kulipa kodi ya pango kabla ya kuzungumza na mwanasheria.

*Bili inarudi kubwa kila mwezi hata nikisaidiwa.* Huenda nyumba inavuja joto. Omba pia Weatherization Assistance Program, mpango wa Wizara ya Nishati ulioanza mwaka 1976, ambao huziba mianya, huweka dari kinga ya joto na kukagua fanesi bila malipo. Anayestahili LIHEAP kwa kawaida hustahili na huo. Mpangaji atahitaji ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba. Foleni yake ni ndefu, kwa hiyo jiandikishe sasa. Iulize pia kampuni yako kama inakuruhusu kugawa bili ya mwaka mzima iwe sawa kila mwezi. Ohio kuna na PIPP Plus, ambako familia yenye kipato kidogo hulipa kwa asilimia ya kipato chake badala ya bili kamili.

*Fedha za jimbo zimekwisha, au zimechelewa.* Hutokea. Serikali ya shirikisho ilipofungwa kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, majimbo yalilazimika kungoja fungu lao wakati baridi imeshaingia. Katika hali hiyo wasilisha ombi lako kama linapokelewa, ili uwe mbele kwenye foleni, kisha piga 211 uulize mifuko mingine: Salvation Army, St. Vincent de Paul, Catholic Charities, mfuko wa msaada wa kampuni yako ya gesi, na shirika lililokupokea kama hujamaliza miaka mitano tangu ufike. Jimbo lenye fungu la dharura linatakiwa kulihifadhi hadi Machi 15, kwa hiyo hata mlango wa kawaida ukifungwa Januari, uliza waziwazi kama ule wa dharura bado uko wazi.